Aliyeifungua Mashini Ni Mimi

Kavira, mwanangu,

Umetoka kwenda kumuaga tante, shangazi yako, na mama yako yuko sokoni anakutafutia makemba, zile ndizi za kuchoma, ya njiani. Nimebaki peke yangu na kalamu, nimefunga mlango mchana kweupe kama mtu anayeiba vitu vyake mwenyewe. Kesho asubuhi utapanda gari hapa Butembo kwenda Beni kuanza kazi, na kuna jambo moja ambalo siwezi kuliacha livuke Kalunguta, nusu ya njia, pamoja nawe likiwa bado uongo.

Mambo ya chandarua, ya maji ya kuchemsha, ya kutomwamini kila anayekuita dada kwenye simu, mama yako alishakuambia, na anayajua kuliko mimi. Sitayarudia. Nakuandikia kwa Kiswahili hiki cha barua, kile cha shule na cha kanisani, kwa sababu Kinande kingeniliza kabla sijafika katikati, na Kifaransa kingenisaidia kujificha. Ninakijua Kifaransa changu. Kingesema "il y a eu un incident", kulitokea tukio, kana kwamba jambo lilijileta lenyewe. Hapana. Kulikuwa na mtu, na mtu huyo ni mimi.

Unaikumbuka mashini. Kompyuta ile ya mezani iliyokuja kwetu shule yangu ilipobadilisha vifaa, ikaletwa juu ya pikipiki imefungwa kwa mpira, na majirani wakasimama kuitazama ikishushwa. Niliiweka sebuleni, nikaifunika kwa kitambaa cha mama yako chenye maua. Ndani ya miezi michache kartie nzima, mtaa wote, ilikuwa ikiniita Ingénieur, mhandisi. Mwalimu wa hesabu amekuwa Ingénieur, na sikumkatalia hata mmoja. Ukweli ni kwamba sikujua kitu. Nilijua kuiwasha, kuandika, na kuizima. Mtu akija na shida ya mashini yake, nilikunja uso, nikabonyeza hapa na pale, kisha nikaizima na kuiwasha tena. Mara nyingi hiyo ilitosha, na mimi nikapokea shukrani kama mtu aliyefanya kazi.

Unakumbuka pia kilichokuwa ndani yake, maana nusu yake ilitoka kwenye vidole vyako. Familia zilipokuwa zikikimbia vita, zikishuka kutoka upande wa Oicha na vitu vyao kichwani, kulikuwa na watoto waliofika wameshikwa mkono na mtu wasiyemjua. Mama yako na wenzake wa kamati ya parokia waliwatafutia nyumba za kuwapokea. Kila mtoto waliandika jina lake, kijiji chake, majina ya wazazi, nani alimwokota njiani, na nyumba gani ilimchukua. Jioni wewe na mama yako mliyaingiza yote kwenye mashini, pamoja na picha. Wewe ulisoma mwaka wa nne wa sekondari wakati ule. Madaftari yalipoanza kuoza kwa sababu ya ule ukuta unaovuja, mama yako alitaka kuyanakili upya. Mimi ndiye niliyesema, "Karatasi ya nini tena? Kila kitu kiko mu mashini." Tukawashia nayo makaa.

Jumamosi moja mlikuwa mmekwenda kufagia kanisa. Nilitaka kuandika maswali ya mtihani. Nikabonyeza, feni ikazunguka, lakini ekra, kile kioo cha mbele, ilibaki nyeusi, na kutoka ndani ikatoka sauti, mara tatu ndefu, kama ndege anayelalamika. Nikaizima, nikaiwasha. Sauti ileile. Dawa yangu ya pekee ilikuwa imeisha.

Ningeweza kungoja. Ningeweza kumwita mtu. Lakini mchana ule Mwalimu Kakule, mwenzangu wa shuleni, alikuwa aje na mtihani wake ili nimwandikie, na sikutaka akute Ingénieur ameketi mbele ya ekra nyeusi. Hiyo tu ndiyo sababu, Kavira. Nimeitafuta nyingine iliyo nzuri zaidi kwa miaka hii minne na sijaipata.

Nikachukua tournevis, ile bisibisi ya cherehani ya mama yako, nikafungua vis, skrubu nne, nikaondoa ubavu wa sanduku. Ndani vumbi lilikuwa limelala kama manyoya ya sungura. Nikapuliza, nikapangusa kwa shati kuukuu. Ili nifike vizuri nikachomoa nyaya, moja baada ya nyingine, bila kuandika ipi ilitoka wapi. Simu ilikuwa mfukoni mwangu. Picha moja ingetosha. Nilipoanza kuzirudisha, waya wa umeme unaoingia kwenye diski, pale majina yote yalipohifadhiwa, ulikataa. Kichwa cha waya huo kimechongwa ili kiingie upande mmoja tu. Waliokitengeneza walijua kwamba duniani kuna watu kama mimi. Mimi nikasema kimekazana tu. Nikakisukuma kwa mpini wa tournevis mpaka kikaingia kwa upande usio wake.

Nikawasha. Kukatoka mlio mdogo, kama punje ya mahindi kwenye sufuria ya moto, kisha harufu.

Nilirudisha ubavu, nikafunga vis nne, nikafungua madirisha yote. Niliweka hata majani ya mkaratusi kwenye makaa ili harufu moja ifunike nyingine. Mwalimu Kakule alipofika nikamwambia hakuna courant, umeme umekatika. Mliporudi wewe ndiye uliyebonyeza, ukaniambia, "Papa, haiwake." Nami nikasogea, nikakunja uso wangu wa Ingénieur, nikasema, "Eh? Jana ilikuwa inatumika muzuri."

Siku zilizofuata ulinivuta mjini kutafuta mtu wa kuitengeneza, nami nilikufuata kama mtu anayepelekwa kupimwa ugonjwa anaoujua tayari. Katika duka la kwanza yule bwana hakuinua hata macho, akasema mashini ya zamani hivyo tununue nyingine. Kwenye kibanda cha pili, yule wa simu, alitaka kufuta kila kitu papo hapo aanze upya. Ukamuuliza, "Na vitu bya Mama?" Akainua mabega. Ukaikumbatia mashini ukatoka nayo. Mimi nilibaki nyuma namwomba radhi yule mtu kwa niaba yako. Wewe ulikuwa na miaka kumi na mitano na ulikuwa umeshajua swali la kuuliza.

Kisha ukampata Kahindo. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, aliyekimbia kutoka Oicha, na alikuwa na meza yake mbele ya duka la misumari, na redio, na simu, na mashini zilizopasuliwa. Ulisimama kumtazama kwa muda mrefu kabla ya kuniita. Ukaniambia, "Papa, ule mama anaulizaka mbele ya kufungua. Anaandika kwanza mu kaye." Ndivyo ulivyomchagua, kwa maswali yake na daftari lake. Katika maisha yangu sijaona mtu akichagua fundi kwa akili kubwa kuliko ile, na nataka ulisome neno hili mara mbili kabla hujaendelea.

Alikuja nyumbani. Alisema mashini huweza kuugua kwa sababu ya nyumba, akapima courant ya ukutani, akatazama pale ilipowekwa. Kisha akatoa daftari lake na kalamu.

"Ilianza je?"

"Ilikatala tu kuwaka," nikasema.

"Ilifanya sauti fulani?"

"Hapana."

"Nani alisha ifungua?"

Wewe na mama yako mlinigeukia, kwa sababu mimi ndiye baba wa nyumba.

"Hapana mutu aliifungua," nikasema.

Akainama, akazitazama zile vis. Moja ilikuwa na mkwaruzo mpya unaong'aa. Akanitazama, si kwa ukali, kama mtu anayemwachia mwenzake nafasi apite mlangoni. Sikupita. Akaandika maneno yangu polepole katika daftari, akaibeba mashini.

Kwa sababu ya majibu yangu alianza kutafuta mbali na mahali penyewe. Siku tatu alihangaika na sanduku la umeme la ndani ya mashini, akaazima jingine kwa mtu, akajaribu moja moja. Siku ya nne alituma neno twende. Mama yako alikwenda na wenzake wanne wa kamati, wewe na mimi nyuma yao. Kahindo alikuwa amelaza diski juu ya kitambaa.

"Disque imeungua," akasema. "Kuna mutu aliingiza waya upande haiko yake. Na nguvu. Muangalie hapa."

Mama Mbambu, mkubwa wa kamati, alinigeukia. "Mwalimu?"

Nilikuwa na pumzi moja ya kusema kweli. Nakumbuka hata jua lilipokuwa. Nikasema, "Ku nyumba yangu ilitoka muzima. Kama imeungua, imeungulia hapa."

Kahindo hakupandisha sauti. "Mwalimu, njo vile unasema?"

"Njo vile," nikajibu, ndivyo nisemavyo.

"Mule ndani muko jina ya mutoto wa dada yangu," akasema, sasa akiwaambia wale wanawake. "Bamama, minaweza kuiunguza namna gani?"

Wale mama wakakaza vitenge vyao, wakageuka kuondoka. Usiwahukumu. Walikuwa wamechoka, na walikuwa na neno la mwalimu wa watoto wao mkono mmoja, na neno la mgeni mkono mwingine. Mimi ndiye niliyewapa mizani mbovu.

Niliichukua ile diski, nikasema nitaipeleka kwa mtu mwingine anayejua. Hilo unalikumbuka, maana uliniuliza mara kadhaa imefikia wapi, nikakujibu bado. Kavira, niliitupa ndani ya choo jioni ileile. Niliogopa mtu mwingine ataitazama na kusema maneno yaleyale.

Mwenye duka la misumari alimwambia Kahindo aondoe meza. Habari ilikuwa imeenea: ule mama wa Oicha anaunguza vitu vya watu. Kabla ya mwezi kwisha alikuwa ametoka Butembo kwenda Beni. Na siku hiyo ya diski, mezani, mbele ya sombe, kisamvu cha mama yako, iliyokuwa ikipoa, nilikuambia, "Weye njo ulimuleta." Ulikuwa na tonge la fufu mkononi. Ulilirudisha kwenye sahani. Nami nilisikia nafuu. Nilisikia nafuu kwa sababu mzigo ulikuwa umepata mahali pengine pa kukaa, na mahali hapo palikuwa juu ya mwanangu.

Baada ya hapo mama yako na wenzake walianza upya, nyumba kwa nyumba, mlima kwa mlima, kuuliza majina. Nilikwenda nao. Nilimshikia mama yako mwavuli kwenye mvua, nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni. Watu wakanisifu. Jumapili moja katekista alinitaja kanisani, mume anayemsaidia mke wake kazi ya Mungu. Niliinamisha kichwa, na waliokuwa karibu nami wakadhani ni unyenyekevu.

Walipata majina mengi, si yote. Yule mtoto wa dada yake Kahindo, msichana wa miaka sita, alikuwa amechukuliwa na familia iliyohamia Kalunguta kulima. Wewe mwenyewe ndiye uliyeandika habari hiyo kwenye mashini. Kwingine kote haikuwepo, wala hakuna aliyeikumbuka kichwani. Ilichukua miezi minane mpaka mmoja wa wale mama, aliyekwenda kununua maharagi huko, akamtambua kwa kovu la mguu. Kahindo alipokwenda kumchukua, mtoto alikuwa ameshasahau uso wake, akajificha nyuma ya mama wa pale. Miezi minane, na ndugu yake pekee aliyebaki, Kahindo, alikuwa Beni anauliza kila mtu aliyeshuka kwenye gari. Hayo niliyasikia yakisimuliwa sebuleni kwetu, nikasema "Mungu ni mwema", nikamimina chai.

Unaweza kuuliza kwa nini nimeamka sasa. Ningependa kukuambia ni dhamiri. Ni wewe. Mwaka jana redio ya nyumbani ilipokufa, mama yako alikuambia umtafute mtu wa kuitengeneza. Nilikuwa nanyoa ndevu nyuma ya pazia. Ukamjibu ukicheka, "Tuma mwengine, Mama. Miye nachaguaka batu mubaya." Ulisema hivyo kama mtu anayesema yeye ni mrefu, ama ana mkono wa kushoto. Jambo lililokwisha kuamuliwa. Kisha mwaka huu ikaja kazi hii ya ukarani katika kituo cha afya huko Beni, na ukataka kuikataa. Mama yako aliponieleza sababu, nilitoka nje. Ulikuwa umemwambia, "Batanipa mashini tatu za kuchunga. Siku zikiharibika, nitaita nani?"

Nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba niliunguza diski. Siku hiyo nilielewa kitu gani hasa nilichokiunguza.

Wiki tatu zilizopita nilisema naenda Oicha kwa karatasi za shule. Ulikuwa uongo mwingine. Hata kwenda kurekebisha uongo nilikwenda kwa uongo. Nilishuka Beni, nikauliza katika mtaa wa Beu, na watu wakanionyesha bila shida: mama wa mashini, pale kwenye mbao za rangi ya bluu. Ana chumba chake sasa, na mlango. Joto lilikuwa kali, harufu ya kakao iliyoanikwa ilikuwa ikiingia kutoka barabarani. Alikuwa akipangusa mashini kwa brashi ndogo. Alinijua mara moja. Hakusimama.

"Mwalimu. Mashini yako iko na shida gani?"

"Sikuleta mashini."

"Basi unaleta nini?"

Nikamwambia. Nilisimama mlangoni nikamwambia yote, kutoka ndege wa mara tatu mpaka mpini wa tournevis. Nilipomaliza, aliendelea kupangusa kwa muda.

"Nilijua," akasema. "Niliona vis."

"Na haukusema?"

"Nilisema. Mbele ya batu. Weye ulikuwa mwalimu, miye nilikuwa mukimbizi." Akapuliza vumbi. "Unajua kitu ilinichoma? Haiko disque. Disque inaunguaka. Hata miye nilisha unguzaka ya batu. Lakini nilibaambia."

Akainua macho.

"Disque iko wapi?"

"Ya nini tena?"

"Kuna ka-plaque kadogo, kabao ka courant, chini yake. Mara ingine njo kanaungua keye tu, majina ndani inabaki. Unatafuta disque ya namna moja, unabadilisha ile plaque. Haiko kila siku inafaulu, lakini nilitaka kujaribu. Ile siku ulikuya kuikamata, nilikuwa nimesha pata ingine."

"Niliitupa mu choo."

Brashi ilisimama. Kavira, nimeona watu wakipokea habari za kifo, na nilitamani angelia kama wao. Aliiweka brashi mezani, akafunga daftari lake, akatazama barabarani. Kisha akanisogezea kiti kwa mguu, si kwa upole, kwa sababu nilikuwa nimeegemea mlango na pengine aliogopa nitaangukia vitu vya watu.

"Muke yako anajua?" akaniuliza.

"Bado."

"Na ule mutoto alikuya kuniita?"

"Bado."

"Basi umeanzia kwangu juu miye niko mbali."

Nikamwomba msamaha. Akasema hilo tutaliongea siku nyingine, kama siku hiyo ipo. Akasema nirudi Butembo niwatafute wale mama watano waliokuwa pale, mmoja mmoja ama wote pamoja, na niseme kwa mdomo uleule. "Na mutoto," akasema. "Mutoto ule alikuwa na macho ya kazi. Nilitaka kumufundisha." Kisha mtu akaingia na simu iliyopasuka, naye akachukua daftari, akaanza kumuuliza ilianza je.

Nilimwambia mama yako jioni ileile niliporudi. Alikuwa akichambua maharagi. Alisikiliza mpaka mwisho, akamaliza kuchambua, akayaosha, akayaweka motoni. Ndipo akasema, "Ile miezi yote. Ulikuwa unanishikia mwavuli." Hajaniongelesha sana tangu hapo. Uliuliza kuna nini, tukakuambia ni maneno ya shamba. Nisamehe na hilo pia. Nilimwomba aniachie nikuambie mwenyewe.

Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya kamati. Mama Mbambu aliniuliza kitu kimoja tu, kama nilijua wakati ule kwamba jina la yule mtoto wa dada yake Kahindo limo. Nikasema nilijua, alikuwa amelisema mbele yetu. Akajifunika uso kwa kitenge. "Tulifukuza mutu," akasema, "na tulienda kusali." Wawili kati yao wamekwenda Beni kumwona. Sijui walichoambiwa, na sikuuliza. Mtaani hakuna anayeniita Ingénieur tena. Mwalimu Kakule ananisalimu bado, lakini mitihani yake anaiandikisha kwingine.

Ulibaki wewe. Nimejaribu mara tatu. Mara ya kwanza tulipokuwa tunapima sanduku lako, mara ya pili njiani kutoka misa, mara ya tatu juzi, ulipokuwa ukinionyesha viatu vipya vya kazini. Kila mara uliniangalia kwa uso ule wa kuniamini, na mimi nikaongea habari ya mvua. Ndiyo maana naandika. Najua barua ni njia ya mwoga. Ni bora kuliko njia niliyokuwa nayo.

Sasa sikia. Hukuchagua vibaya. Kati ya mafundi wote wa Butembo ulimchagua yule aliyeuliza kabla ya kugusa, na ulimchagua wakati baba yako alikuwa akiomba moyoni usimpate mtu kama huyo. Kilichoharibika hakikupita mikononi mwako. Mashini zile tatu za kituo cha afya zitaharibika siku moja, maana zote huharibika, na utajua wa kumwita kwa macho uliyo nayo. Mtu huyo akikuuliza nani aliifungua, mwambie. Kama ni wewe, sema ni wewe. Kama ni mkubwa wako wa kazi, sema pia, hata akiwa amesimama hapo. Mimi nilifikiri ukweli ungenishusha mbele ya Mwalimu Kakule kwa mchana mmoja. Tazama uongo umenishusha kwa muda gani, na ni watu wangapi nimeanguka nao.

Kituo chako hakiko mbali na Beu. Sikumwomba Kahindo akupokee. Sina mdomo wa kumwomba kitu. Ukienda kwake, nenda kwa miguu yako na kwa sababu zako. Usinibebee salamu, wala usiniombee msamaha kwake. Hiyo ni kazi yangu na bado sijaimaliza.

Nilitaka kuiweka barua hii chini ya nguo zako ili uikute Beni. Nimekataa. Hiyo ingekuwa namna nyingine ya kufungua madirisha ili harufu itoke. Nasikia sauti yako huko chini kwenye kona, unacheka na tante yako, anakusindikiza. Ukiingia nitakupa mkononi. Kisha nitatoka niketi uani, karibu na mawe ya kufulia, na mlango nitauacha wazi. Soma polepole. Ukitaka kutoka kuniuliza, uliza chochote, nitajibu. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie mbele ya mama yako na ya majirani pia, usipunguze sauti kwa ajili yangu. Na kama kesho utapanda gari bila kunipa mkono, mama yako atakusindikiza, na mimi nitabeba sanduku mpaka barabarani, niliweke chini, nirudi nyuma.

Ni mimi, baba yako,
Kasereka